Kwa nini nanasi na maziwa hutoa uchungu, na namna ya kupata kinywaji laini cha matunda

Swali: Mwalimu, shikamoo. Joto limeanza na watoto wanataka kitu cha baridi kila saa. Nimekuwa nikisaga nanasi, embe na ndizi kwa maziwa ili nipate kile kinywaji kizito, laini kama aiskrimu iliyoanza kuyeyuka. Kikitoka kwenye blenda ni kitamu, lakini baada ya kama nusu saa kinakuwa kichungu na maziwa yanakatika. Nikabadili, nikatumia tui la kopo na barafu. Uchungu ukapungua, ila kikajaa chembe nyeupe kama nta, na chini ya glasi maji yanajitenga. Je, ninunue krimu? Au matunda yangu ndiyo mabovu?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Matunda yako hayana kosa, na krimu iache kwanza. Umetaja mambo matatu: uchungu, chembe za nta, na maji yanayojitenga. Kila moja lina chanzo chake. Nitaukalia zaidi uchungu, kwa sababu huo hauondoki hata uongeze sukari kiasi gani, na najua watu walioacha kabisa kutengeneza vinywaji hivi nyumbani wakidhani wanachagua matunda vibaya.

Anayekutesa ni nanasi. Nanasi ambalo halijapita motoni lina vimeng'enya vinavyoitwa bromelaini, na kazi yake ni kukata protini. Ndiyo maana vipande vya nanasi hulainisha nyama ngumu, na ndiyo sehemu ya sababu ulimi huwasha ukila nanasi jingi. Maziwa yamejaa protini, na iliyo nyingi zaidi ni kaseini. Bromelaini ikikutana na kaseini huikatakata, na baadhi ya vile vipande vidogo vinavyobaki ni vichungu. Kazi hiyo inachukua muda, ndiyo maana glasi ya kwanza uliyoonja ukiwa bado umesimama kando ya blenda ilikuwa tamu, na ile uliyompelekea mtoto baadaye akaikataa. Mtoto hakuwa anadeka.

Kukatika kwa maziwa ni jambo linaloambatana na hilo, lakini lina msaidizi mwingine: asidi. Hupimwa kwa pH, na namba ikishuka asidi imezidi. Maziwa yana pH ya karibu 6.7. Kaseini hushikana na kuganda pH ikishuka hadi karibu 4.6, na nanasi lenyewe liko kati ya 3 na 4. Kwa hiyo nanasi linayapiga maziwa mara mbili, kwa asidi na kwa kimeng'enya. Ni vizuri kuyatenganisha haya mawili kichwani, maana dawa zake si moja. Mabonge ya asidi hayana ubaya wowote kwa ladha. Mtindi ni maziwa yaliyogandishwa kwa asidi na tunaufurahia. Uchungu ndio unaoharibu kinywaji, na uchungu ni wa kimeng'enya.

Sasa, dawa ambayo wengi huambiana ni kugandisha nanasi kwenye friza kabla ya kulisaga. Naomba uisahau kama tiba ya uchungu. Baridi hukilaza kimeng'enya, haikiui. Nanasi likiyeyuka kwenye glasi, bromelaini inaamka na kuendelea pale ilipoishia. Kinachoiua ni moto. Ikipita nyuzi 70 za Selsiasi huanza kuharibika haraka, na kwenye joto la kuchemka haidumu. Hiyo ndiyo sababu nanasi la kopo halisumbui: lilipikwa kiwandani likiwa ndani ya kopo. Ukiwa na haraka, chukua la kopo lililowekwa kwenye maji yake lenyewe, si kwenye sharubati ya sukari, na nusu ya shida zako zimekwisha.

Lakini la kupika mwenyewe lina ladha nzuri zaidi, na ni kazi ya dakika 10. Menya nanasi, toa ule moyo mgumu wa katikati, kata vipande vidogo vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Udogo una maana, kwa sababu moto lazima ufike ndani ya kila kipande. Weka kwenye sufuria na vijiko vitatu vya maji, funika, washa moto wa wastani. Likianza kuchemka kote, si pembeni tu, hesabu dakika 5. Zima, acha lipoe, halafu tandaza vipande kwenye sinia, safu moja bila kurundika, uingize friza. Vikishaganda vyote, vihamishie kwenye mfuko na utoe hewa. Hapo una akiba ya miezi miwili, na kila unapotaka kinywaji unachota kiasi chako tu. Hifadhi pia ule mchuzi uliobaki kwenye sufuria. Una utamu mwingi na utauhitaji.

Sitakuficha kwamba moto unachukua kitu. Ile harufu kali ya nanasi lililokatwa sasa hivi inapungua, na vitamini C kidogo inaondoka. Harufu unaweza kuirudisha kwa kukwaruza ganda la kijani la ndimu juu ya blenda mwishoni. Mimi hufanya hivyo kila mara, na sijaona sababu ya kurudi kwenye nanasi lisilopikwa kwa kinywaji chochote chenye maziwa.

Na usidhani ni nanasi peke yake. Papai lina papaini, kiwi ina aktinidini, tini nazo zina chao, vyote vya ukoo huo wa kukata protini. Tangawizi mbichi pia ina kimeng'enya chenye nguvu ya kugandisha maziwa, na wengi huisaga ndani ya kinywaji cha maziwa bila kujua. Nakumbuka nilipoanza kazi ya kupikia watu, nilisaga papai na maziwa usiku, ndoo nzima, nikaweka kwenye friji ili asubuhi niwape wageni. Asubuhi lilikuwa limeshikana kama uji uliolala, na uchungu wake ulibaki kooni. Nilimwaga yote, na iliniuma sana kwa sababu mapapai yalikuwa mazuri mno. Tangu siku hiyo papai nalisaga kwa maji, kwa tui, au kwa maziwa yanayonywewa pale pale. Embe, ndizi na parachichi ni marafiki wa maziwa. Hayo unaweza kuyachanganya bila hofu.

Uliona mwenyewe kwamba tui lilipunguza uchungu. Hukukosea. Tui lina protini chache kuliko maziwa na halina kaseini, kwa hiyo bromelaini haipati malighafi ya kutosha kutengeneza uchungu ule. Hata hivyo, protini zile chache zilizomo ndizo zinazoshikilia matone ya mafuta yasijikusanye. Zikikatwa, mafuta yanajitenga na maji. Wanaotengeneza mafuta ya nazi bila moto huvitumia vimeng'enya vya namna hii makusudi, ili mafuta yajitenge na tui. Wewe unataka kinyume cha hapo. Kwa hiyo hata ukitumia tui, nanasi lipikwe.

Tuje kwenye chembe za nta. Hizo ni mafuta ya nazi yaliyoganda, wala si tui bovu. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi karibu 24. Chini ya hapo ni magumu. Ukichukua tui lililotoka kwenye friji, ukalimwaga juu ya barafu na kuwasha blenda, mafuta yanaganda yakiwa bado ni mabonge, na visu vinayakata kuwa punje. Ulimi unazikuta punje hizo, na hata kinywaji kiwe kizito namna gani, hautakiita laini.

Dawa yake ni mpangilio. Tui liwe la joto la kawaida la chumba. Kama kopo limejitenga, juu pazito na chini maji, limimine lote kwenye bakuli na ulikoroge hadi liwe kitu kimoja. Likigoma, liweke bakuli juu ya maji ya moto kwa dakika mbili. Kisha saga tui hilo na ndizi, ule mchuzi wa nanasi na chumvi, bila kitu chochote kilichoganda, kwa sekunde 30. Hapo mafuta yanavunjwa kuwa matone madogo mno na yanafungwa ndani ya rojo la ndizi. Baada ya hapo ndipo unaongeza matunda ya friza, kidogo kidogo. Mafuta yataganda, naam, lakini yataganda yakiwa matone yasiyohisika, na hayo ndiyo yanayokupa ule ulaini wa aiskrimu unaoutafuta. Ukiniuliza krimu iko wapi kwenye kinywaji hiki, iko hapo. Tui la kwanza, lile kasimele lisilotiwa maji mengi, lina mafuta ya kutosha. Krimu ya maziwa juu yake ni uzito mtupu.

Ukikamua tui mwenyewe, tumia maji ya uvuguvugu, si ya baridi, kwa sababu ile ile ya mafuta: maji baridi huyaacha mengi kwenye machicha. Chuja mara mbili. Machicha yakipita kwenye blenda yanakwaruza koo na watoto hawatakuelewa.

Maji yanayojitenga chini ya glasi yana wenyewe wawili: barafu na hewa. Barafu ni maji, na ikiyeyuka inarudi kuwa maji, hakuna muujiza. Kila kipande unachotia kinaazima baridi sasa na kudai ulaini baadaye. Tunda lililogandishwa linatoa baridi ile ile, lakini likiyeyuka linarudi kuwa tunda. Kwa hiyo sahau barafu kabisa kwenye blenda. Hewa nayo huingia ukisaga kwa muda mrefu kwa kasi kubwa: mapovu madogo hushika nyuzi za tunda na kuzipandisha juu, maji yakabaki chini. Ukishaona kinywaji kinazunguka vizuri bila vipande, zima. Kuendelea kunakipasha joto na kukijaza povu tu.

Ndizi ndiyo inayoshikilia kila kitu, na inastahili uangalifu kuliko inavyopewa. Ile ngumu yenye ganda la kijani ina wanga mwingi, karibu asilimia 20 ya nyama yake, na ndiyo inayoleta ukakasi na ladha ya unga. Ikiiva hadi ganda likawa na madoa meusi, karibu wanga wote umegeuka sukari, na inasagika kama siagi. Subiri madoa. Ila usizidishe: ndizi mbili kwenye blenda moja na nanasi limekufa, utakunywa ndizi. Anayechoshwa na ladha ya ndizi aweke robo ya parachichi badala yake. Parachichi lina mafuta ya karibu asilimia 15, halina asidi kali, na kwa kiasi hicho hutalitambua kwa ladha, utalitambua kwa ulaini.

Embe, chagua lisilo na nyuzi. Kama ulilonalo lina nyuzi, lisage peke yake kwanza na ulipitishe kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko. Blenda ya kawaida ya nyumbani haizimalizi nyuzi za embe, inazikata fupi tu.

Vipimo vya glasi nne basi. Nanasi lililopikwa na kugandishwa, vikombe viwili. Embe lililogandishwa, kikombe kimoja. Ndizi moja mbivu, isiyogandishwa. Tui zito, kikombe kimoja. Mchuzi wa nanasi ulioongezwa maji hadi ufike nusu kikombe. Maji ya ndimu, vijiko viwili vya chai. Chumvi, ile unayoshika kwa ncha za vidole viwili. Sukari sijaitaja na ninakuomba uonje kabla ya kuifikiria.

Hapo kwenye kuonja kuna mtego. Ubaridi hupunguza utamu ulimini. Kitu kile kile kikiwa cha joto la chumba kinaonekana kitamu zaidi kuliko kikiwa kimetoka friza. Kwa hiyo usipime utamu ule wa mwanzo, wakati umesaga tui na ndizi tu. Onja mwisho, kikiwa baridi tayari. Ukikiona kimepooza, anza na chumvi na ndimu kabla ya sukari. Chumvi kidogo hufunika uchungu mdogo uliobaki na kuutoa mbele utamu wa matunda, na ndimu inakiamsha. Mara nyingi hapo unamaliza. Kama bado, kijiko cha asali au tende mbili zilizolowekwa zinatosha, mradi tende uzisage kwanza kando na tui kidogo. Asali usimpe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata tone. Inaweza kubeba vijidudu vinavyomletea sumu mwilini ambayo tumbo la mkubwa huizuia.

Kupanga ndani ya blenda ni vimiminika chini, vilainifu katikati, vilivyoganda juu. Ukianza na vilivyoganda, visu vinachimba shimo la hewa na mota inalia bila kazi. Ikikwama, zima, sukuma kwa mwiko, ongeza kijiko kimoja au viwili vya maji, uwashe tena. Usimwage kikombe kizima kwa hasira; unene ukishapotea, kuurudisha ni kuongeza matunda upya. Kama blenda yako ni ndogo, acha matunda yaliyoganda nje kwa dakika 5 kabla ya kuyasaga, na usage kwa mafungu.

Pasheni ukitaka kuongeza, na ninakushauri uongeze, usiisage. Mbegu zake zikipasuka hutoa ukali na kukijaza kinywaji vipunje vyeusi. Ikorogee kwenye bakuli, chuja, tia ule mchuzi mwishoni na ukoroge kwa kijiko.

Kama moyo wako bado uko kwenye maziwa ya ng'ombe, sitakukatalia. Fanya hivi: nanasi lipikwe, na badala ya maziwa mabichi au ya moto yaliyopozwa, tumia mtindi mzito. Mtindi umekwisha kuganda kwa asidi, kwa hiyo asidi ya nanasi haina cha kuukatisha. Au acha nanasi kabisa: embe, ndizi, maziwa baridi na iliki kidogo ya unga. Hicho hakiwezi kukuletea uchungu, hata kikilala kwenye friji hadi kesho.

Kuhusu kulala: kinywaji cha nanasi lililopikwa na tui kinakaa vizuri kwenye friji kwa siku moja, kwenye chupa iliyojazwa hadi juu ili hewa iwe ndogo. Kikijitenga kidogo, kitikise. Mezani kisizidi saa mbili, na siku za joto linalopita nyuzi 32 kisizidi saa moja, kwa sababu kina sukari, maji na protini, yaani kila kitu ambacho bakteria wanapenda. Osha matunda kabla ya kuyakata, pamoja na yale unayoyamenya. Kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani.

Neno moja kwa wageni wako. Mtu mwenye mzio wa mpira, ule wa glavu na baluni, wakati mwingine hudhurika pia na ndizi, parachichi, kiwi au papai. Muulize kabla ya kummiminia. Na ukipata wazo la kuongeza lile tunda lenye umbo la nyota, jua kwamba ni hatari kwa mwenye ugonjwa wa figo, hata kwa kiasi kidogo, kwa sababu lina sumu ambayo figo zilizochoka haziwezi kuitoa.

Kwa wanao, kitakachobaki kimimine kwenye vikombe vidogo, chomeka kijiti katikati, uweke friza. Kwa kuwa umesaga tui kabla ya kuligandisha, barafu yake itakuwa laini ya kung'atika, haitakuwa jiwe. Jaribu kwanza na nanasi moja wikendi hii. Gawa nanasi lako nusu kwa nusu, nusu ulipike na nusu usilipike, saga kila moja na maziwa kidogo, uache glasi mbili mezani nusu saa, kisha uwaite watoto waonje bila kuwaambia ipi ni ipi.